Zile mbili mmeziweka wapi?

Ndugu zangu, wadogo zangu, na walimu wangu mliokaa pale mbele, habari za jioni. Nimeombwa nizungumze juu ya namna sisi watengenezaji wa programu tunavyopokea mrejesho wa watumiaji wetu. Ningeweza kuzungumza kwa jumla, lakini nimeamua kuwasimulia kosa moja tulilolifanya sisi wenyewe, mimi na wenzangu wawili, kwa sababu hilo ndilo ninalolijua kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Mwaka jana, Jumanne moja, saa kumi na moja na nusu alfajiri, nilipokea ujumbe wa sauti. Mwanzoni husikii mtu, unasikia feni ya kompyuta tu inavyovuma. Kisha anaongea dada mmoja wa Mwanza, ambaye ameniruhusu niyasimulie haya bila kutaja jina lake. Anasema: "Kaka, samahani kwa kukusumbua alfajiri hii. Nimerenda picha tatu usiku kucha. Nafungua folda naona moja. Zile mbili mmeziweka wapi?"

Mmeziweka wapi. Aliuliza kama mtu anayemuuliza jirani aliyemwachia ufunguo wa nyumba. Alituhesabu sisi kuwa ndio tuliokuwa tumeshika mali yake, na alikuwa sahihi kabisa.

Kwa wasiofanya kazi hizi nieleze kidogo. Kurenda ni pale kompyuta inapokokotoa mwanga. Umejenga sebule ndani ya programu: kuta, makochi, pazia, taa ya darini. Kompyuta inafuatilia miale, inavyogonga ukuta, inavyopenya kioo, inavyoifikia kamera, pikseli kwa pikseli, yaani nukta kwa nukta, mpaka inakupa picha. Picha moja nzuri ya nyumba inaweza kula saa mbili na zaidi kwenye laptopu ya kawaida. Animesheni ndiyo usiseme. Filamu inakwenda kwa fremu, yaani picha, 24 kila sekunde, kwa hiyo kipande cha sekunde 10 ni fremu 240. Kila fremu ikichukua dakika 6, hizo ni dakika 1,440: siku nzima, usiku na mchana, kompyuta haijazimwa, kwa kipande ambacho mtazamaji anakimaliza kabla hajashusha kikombe cha chai. Sasa ongeza hapo umeme unaokatika saa nane za usiku.

Wengi wetu humu tunatumia Blender, programu ya kujenga na kurenda picha za namna hii, kwa sababu ni programu huria na haidai ada. Blender ina tabia mbili za kuhifadhi, na wageni huzichanganya. Usipogusa mipangilio yake, kila baada ya dakika 2 inaweka nakala ya mradi wako kwenye folda ya muda, ili programu ikianguka ghafla uweze kuirudisha. Lakini huo ni mradi, yaani ile sebule yenyewe. Picha iliyorendwa ni kitu kingine. Ukirenda picha moja, matokeo yanakaa kwenye kumbukumbu ya kompyuta mpaka wewe uyahifadhi kwa mkono wako. Umeme ukikatika kabla hujafanya hivyo, kazi ya saa zote zile imekwenda. Animesheni ina nafuu, maana kila fremu inaandikwa kwenye diski pindi inapokamilika. Ndiyo maana mafundi wazoefu watakuambia usirende moja kwa moja kuwa video. Renda fremu mojamoja kama picha, zima lile chaguo la kuandika juu ya faili zilizopo, na umeme ukirudi utaendelea pale ulipoishia. Kama kuna mwanafunzi humu alikuwa halijui hili, naomba aliandike sasa hivi, litamwokolea usiku mwingi.

Ni hilo pengo la picha moja lililotufanya tuandike kiongezi chetu, yaani programu ndogo inayoongezwa ndani ya Blender, kwa lugha ya Python. Renda ikimalizika, kiongezi kinaihifadhi picha kwenye folda kwa jina la mradi, tarehe na namba: 001, 002, 003. Basi. Tulikiandika kwa shida yetu wenyewe, maana tulikuwa tumechoka kupoteza picha, kisha tukakigawa bure. Wakakichukua wachora ramani za nyumba, watengeneza matangazo, wanafunzi wa vyuo. Kwa miaka mitatu kilifanya kazi kimyakimya, na hakuna aliyetuandikia kutusifu. Nadhani hiyo ndiyo hali njema ya chombo cha kuhifadhi, kwamba mtu anasahau kuwa kipo.

Malalamiko ya kwanza kuja yalikuwa ya diski. Laptopu nyingi tunazotumia zina diski ya GB 256, na hapo bado kuna mfumo wenyewe, kuna picha za familia, kuna filamu. Mtu anarenda majaribio mara thelathini kwa siku, na kila moja inabaki. Diski inajaa, Blender inashindwa kuandika, kazi inasimama. Malalamiko hayo yalikuwa ya haki. Tukakaa, sisi watatu, mezani kwetu, tukajiuliza: nani anaihitaji renda ya asubuhi yenye makosa? Mtu anataka ya mwisho. Tukabadilisha. Toleo jipya likawa linahifadhi picha moja tu kwa kila mradi, ya mwisho, ikikaa mahali pa iliyotangulia. Kwenye maelezo ya toleo tukaandika kwa furaha, kwa Kiingereza: "Kuanzia sasa folda yako haitajaa."

Mstari ule haukuwa na uongo. Ulimwambia mtu atakachopata, ukanyamaza juu ya atakachopoteza, na mtu aliyeusoma asubuhi akiwa na haraka ya kazi asingeweza kujua kwamba picha ya pili itaifuta ya kwanza.

Yule dada alikuwa na mteja saa tatu asubuhi. Sebule moja, rangi tatu za ukuta: nyeupe, kijani kibichi, na ile ya udongo. Alianza kurenda ya kwanza saa tatu usiku. Akaweka kengele ya simu, akaamka saa sita, akabadilisha rangi, akabonyeza tena. Akaamka saa nane na nusu, akabadilisha, akabonyeza. Saa kumi na moja akaamka kukusanya picha zake tatu, akakuta ya udongo peke yake. Kiongezi kilikuwa kimejisasisha siku mbili kabla.

Nataka niseme na hili, ingawa halinipendezi. Ujumbe wake haukuwa wa kwanza. Jioni ya kuamkia siku ile, mtumiaji mwingine alikuwa ametuandikia kwamba picha zake za zamani zinafutwa. Mwenzangu alimjibu: "Soma maelezo ya toleo jipya, imeandikwa." Nilikuwa nimekaa pembeni yake, nililiona jibu lile kabla halijatumwa, na sikumzuia. Kama siku ile tungemuuliza yule mtu maswali mawili tu, tungekirudisha kiongezi nyuma usiku uleule, na dada wa Mwanza angeamka akute picha zake.

Alfajiri ile hatukujadili nani mwenye makosa. Nilimpigia. Nilimwambia ukweli, kwamba picha mbili zimefutwa, na kwamba kwenye diski za kisasa faili iliyoandikwa juu yake hairudi, asipoteze muda kutafuta. Nikamwomba anitumie mradi wake. Ulikuwa MB 180, akautuma kwa bando la simu yake, na saa kumi na mbili na nusu ukawa kwetu. Yeye akaanza kurenda nyeupe upya, sisi tukarenda kijani kwenye kompyuta yenye kadi nzuri zaidi ya michoro. Ya kwetu ilikamilika kabla hajatoka nyumbani. Ya kwake haikuwahi. Aliibeba laptopu ikiwa bado inarenda, mfuniko wazi, ameishika mkononi kama sinia kwenye bajaji, akamalizia kumwonyesha mteja akiwa ameshakaa naye. Tulimrudishia gharama ya bando. Usingizi wake hatukuwa na namna ya kuurudisha.

Wiki ile zilikuja jumbe kama thelathini. Nikazichapa zote kwenye karatasi, nikazisoma moja baada ya nyingine. Karibu zote zilisema neno moja: rudisheni. Rudisheni kama zamani. Wachache walishukuru kwamba diski yao imepumua, na hao nao walikuwa wakweli. Mmoja akatuandikia orodha ndefu ya vitufe ambavyo angependa tuviweke, kimoja kwa kila hali.

Hapa ndipo watengenezaji wengi tunapopotea, kwa sababu tunauchukua ujumbe kama oda ya hotelini. Ameagiza hiki, mpe. Au hatuna, mwambie hatuna. Lakini mtu anapokuandikia "rudisheni", amekupa dawa na hajakueleza ugonjwa. Ugonjwa yeye anauishi, haoni haja ya kuueleza. Kazi ya kuuliza ni yako. Tukaanza kuwapigia, na swali letu lilikuwa moja: "Siku ulipogundua, ulikuwa unafanya nini muda mfupi kabla?"

Majibu yake yalitunyamazisha. Mchora ramani mmoja alituambia kwamba zile namba na tarehe ndizo ushahidi wake. Mteja akimgeuka, akisema "mimi sikukubali dirisha hili", anafungua folda, anamwonyesha picha ya tarehe 14, ambayo mteja aliipitisha. Kwake folda yetu ilikuwa daftari la makubaliano. Mwalimu mmoja wa chuo alikuwa anawaambia wanafunzi wamletee folda nzima pamoja na kazi ya mwisho, ili aone nani amehangaika kutoka 001 hadi 060 na nani amechukua kazi ya mwenzake jana usiku. Kulikuwa na ndugu wawili, mmoja Nairobi na mwingine Mombasa, waliounganisha folda zao kupitia intaneti. Mkubwa anarenda, mdogo anazichukua na kuzipaka rangi. Namba mpya ndiyo iliyokuwa ikimwambia mdogo kwamba kuna kazi mpya. Tulipoifuta namba, mdogo akakaa siku nzima akisubiri, na picha ilikuwa imebadilika mbele yake mara nne bila yeye kujua.

Hakuna hata moja kati ya hayo tulilokuwa tumelitengeneza. Watu walikuta tabia ya kiongezi chetu, wakaijengea maisha yao juu yake. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mimi naongeza kwamba hujui pia usingizi wake ulivyo mtamu. Sisi kitanda kile tulikuwa tumekitengeneza, lakini hatukuwa tunakilalia tena. Mmoja wetu alikuwa amehamia kwenye kuunda tovuti, mimi nilikuwa nikirenda mara moja kwa mwezi. Tukaamua juu ya kazi za watu kwa kumbukumbu ya jinsi sisi tulivyokuwa tukifanya zamani.

Hatukuwa wa kwanza kuanguka shimo hili, na wakubwa kuliko sisi wameshaanguka. Julai 2011 kampuni ya Apple ilitoa mfumo wa kompyuta zake uitwao Lion. Ndani yake waliweka wazo zuri sana, kwamba hati ijihifadhi yenyewe wakati unaandika, na nakala za nyuma zitunzwe, ili mtu asipoteze tena kazi kwa kusahau kubonyeza. Na kwa kuwa hati inajihifadhi, wakaiondoa kwenye programu zao ile amri ambayo sote tumekua nayo, "Save As", ya kuhifadhi kwa jina jingine. Mahali pake wakaweka amri ya kutoa nakala.

Ukilitazama kwenye karatasi hakuna kilichopotea. Lakini mfikirie karani wa ofisi yoyote. Anafungua barua ya wiki iliyopita, anabadilisha jina, tarehe, kiasi cha fedha, kisha mwishoni anaihifadhi kwa jina jipya. Ndivyo alivyofanya miaka yote. Kwenye mpangilio ule mpya ilimpasa atoe nakala kwanza, halafu ndipo abadilishe. Akisahau, mabadiliko yanaingia kwenye barua ya zamani huku akiandika. Chombo kilichotengenezwa kumlinda kikawa kinamharibia kumbukumbu zake, na kinafanya hivyo kwa utulivu, bila kuuliza.

Watu walilalamika sana. Julai 2012, toleo lililofuata, Mountain Lion, likairudisha amri ile, ila ikiwa imefichwa, huioni kwenye menyu mpaka ushikilie kitufe cha Option kwenye kibodi. Na bado ilikuwa na mtego, kwa sababu ukihifadhi kwa jina jipya, hati ya zamani nayo ilibaki na mabadiliko yako. Ilipofika Septemba 2012, kwenye toleo la 10.8.2, ndipo likaongezwa chaguo la kumuuliza mtu kama anataka mabadiliko yabaki kwenye hati ya awali. Miezi 14, kwa kampuni yenye wahandisi wa kiwango kile, kurudi kwenye jambo ambalo karani yeyote angewaeleza kwa dakika tano.

Nimelifikiria sana suala hili, na hiki ndicho nilichokiona. Neno kuhifadhi lina kazi mbili ndani yake. Kuna kuhifadhi kwa maana ya kulinda, umeme ukikatika kazi iwepo. Na kuna kuhifadhi kwa maana ya kuamua: hii ndiyo, hii ibaki, ile itupwe. Kulinda kunaweza kufanywa na mashine, na ni vizuri mashine ikufanyie, kwa sababu binadamu husahau na huchoka. Kuamua ni kwa mwenye kazi. Programu inayojihifadhi yenyewe inapokuja, inachukua kulinda, na isipotazamwa vizuri inachukua na kuamua humohumo, na mwenye kazi anagundua siku ambayo ameshachelewa. Sisi tulimwamulia yule dada kwamba picha nyeupe na ya kijani hazina maana. Nani alitupa ruhusa hiyo?

Wazee wetu wana neno kwa jambo hili, na ni neno zito: amana. Mtu akikuwekea amana, huipunguzi, huibadilishi, hata kwa nia ya kumfaidisha, mpaka umemuuliza mwenyewe. Ukimtunzia mtu magunia matatu ya mpunga, ghala lako likajaa, humwagi mawili ukamwambia nimekuachia lililo bora. Unamtumia ujumbe: ndugu yangu, ghala limejaa, tufanyeje?

Niwape na mfano wa waliofanya vizuri, maana tusikae kwenye makosa tu. Blender yenyewe nusura ipotee. Kampuni iliyokuwa ikiitengeneza Uholanzi ilifilisika mwaka 2002, na mwanzilishi wake, Ton Roosendaal, akaanzisha mchango ili msimbo wake ununuliwe na kuachiwa huru. Zilihitajika euro 100,000. Watumiaji walizichanga kwa wiki saba, na Oktoba 2002 programu ikawa huria. Kwa hiyo hapo watumiaji ni watu walioinunua programu kwa fedha zao wenyewe ili iwe ya wote, na nadhani hilo limekaa katika namna wanavyosikilizwa.

Miaka mingi Blender ilikuwa na tabia ya kuchagua kitu kwa kitufe cha kulia cha kipanya, wakati karibu programu nyingine zote zinatumia cha kushoto. Wageni walihangaika nayo, wazoefu waliipenda. Ilipotoka 2.80, Julai 2019, chaguo-msingi, yaani lile unalolikuta usipogusa mipangilio, likawa kitufe cha kushoto. Lakini ukiifungua mara ya kwanza, ukurasa wa kukaribisha ulikuuliza: unataka kuchagua kwa kushoto au kwa kulia? Mgeni akapewa njia rahisi, na mzoefu aliyezoesha vidole vyake kwa miaka kumi akaulizwa mlangoni.

Mwaka 2021 wakabadilisha jambo linalogusa renda moja kwa moja. Cycles, injini yao ya kurenda, ilikuwa ikiigawa picha katika vigae vidogo na kuvimaliza kimoja kimoja. Mafundi walijua vipimo kwa moyo, pikseli 16 au 32 kwa prosesa, 256 kwa kadi ya michoro, na kulikuwa hata na kiongezi cha kukupangia ukubwa wa vigae. Aprili mwaka huo wakatangaza kwamba wanaiandika injini upya. Picha nzima sasa ingeonekana kwa pamoja, kwanza ikiwa na chengachenga, kisha ikitakata polepole. Walieleza mapema nini bado hakijakamilika, wakaweka toleo la majaribio hadharani, watu wakalibeba na kulijaribu na kazi zao halisi kwa miezi. Shida ya kurenda picha nzima kwa mkupuo ni kwamba picha kubwa inakula kumbukumbu nyingi. Toleo la 3.0 lilipotoka Desemba, vigae vilikuwepo tena kwa umbo jingine. Vilikuwa vikubwa, vya pikseli 2048, na kila kinapokamilika kinawekwa kwenye diski ili kuipunguzia kumbukumbu mzigo, kisha vinaunganishwa mwishoni. Mwenye kompyuta ndogo akaendelea kurenda picha kubwa. Tazameni muda ule: kuanzia tangazo hadi toleo, miezi zaidi ya saba ya watu kushika kitu na kusema. Sisi badiliko letu lilitoka mezani likaenda kwa watu ndani ya siku nne.

Najua kuna mtu anawaza sasa hivi: ukimsikiliza kila mtumiaji hutamaliza kitu. Ni kweli, na sisi hatukufanya kila tulichoambiwa. Ile orodha ya vitufe tuliikataa, na tulimpigia mwenye orodha tukamweleza kwa nini. Kila kitufe ni swali unalomwachia mtu ambaye anataka kurenda tu akalale. Na hatukurudisha kama zamani kabisa, kwa sababu diski bado zilikuwa zinajaa, na wale walioshukuru nao walikuwa na haki yao.

Tulichofanya ni hiki. Namba zimerudi, kila renda ina faili yake, na kiongezi hakifuti kitu kamwe kwa uamuzi wake. Diski ikikaribia kujaa, kinakuonyesha folda, ukubwa wake, na picha zenyewe zikiwa ndogondogo, unagusa zile unazotaka ziondoke. Zikiondoka zinakwenda kwenye pipa la taka la kompyuta, ili ukijuta jioni uzikute. Picha uliyoitia alama ya nyota haiorodheshwi kabisa kati ya za kufutwa. Yule mchora ramani anatia nyota kila picha ambayo mteja ameipitisha, na kwa kweli matumizi hayo yeye ndiye aliyetufundisha.

Tumebadilisha na namna ya kuandika maelezo ya toleo. Mstari wa kwanza sasa unasema ni nini hakitafanya kazi kama jana. Faida zinafuata chini. Na maelezo hayo yanajitokeza mbele ya mtu kabla ya renda yake ya kwanza, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, kwa sababu tuliwaandikia watu wa Mwanza na Mombasa kwa Kiingereza cha kihandisi, halafu tukawalaumu kwamba hawasomi.

Kuhusu wale thelathini, hasa waliotukemea kwa ukali, tuliwaomba wawe wa kwanza kujaribu. Kila toleo linakwenda kwao wiki mbili kabla ya watu wengine. Wengi walikubali. Mtu anayekukasirikia kwa sababu ya kazi yake iliyopotea bado anakitaka chombo chako. Aliyekata tamaa hakuandikii, anakiondoa kwenye kompyuta yake na humsikii tena. Nawaombeni mzitazame upya zile jumbe zenu ambazo hamjazijibu kwa sababu mwandishi alitumia lugha kali. Wapigieni. Kwa sauti watu ni wapole kuliko maandishi yao, na huwa wanashangaa kwamba upo.

Yule mwenzangu aliyejibu "soma maelezo" ndiye leo anayepokea simu zote. Aliomba mwenyewe.

Na dada wa Mwanza bado anakitumia kiongezi chetu. Mwezi uliopita alinitumia ujumbe mwingine wa sauti, safari hii mchana, wa sekunde 20. Anasema namba hazimtoshi, kwa sababu akirenda usiku asubuhi hakumbuki 002 ilikuwa ya saa ngapi. Anaomba jina la faili liwe na saa. Nilimuuliza: saa ya Kiswahili au ile ya kompyuta? Akacheka, akasema ya Kiswahili, maana kengele yake ya simu anaihesabu hivyo kichwani, saa sita, saa nane na nusu. Wenzangu walibisha kidogo kwamba mafaili hayatajipanga vizuri. Tukapata njia, saa ya kompyuta inakaa mwanzoni kwa ajili ya mpangilio, ya Kiswahili inafuata kwa ajili ya mtu.

Toleo hilo la majaribio limewekwa kwenye zile kompyuta tatu pale nyuma, karibu na meza ya chai. Kuna sebule ndogo imeshaandaliwa, inarenda kwa dakika moja. Nawaombeni muirende sebule hiyo, mkizime kiongezi katikati, mchomoe waya wa umeme, mjaze diski, mfanye kila mnalofanyaga nyumbani. Mwenzangu yuko pale na daftari. Sasa karibuni kwa maswali, nimeona mkono wa mwalimu umenyooka tangu zamani.